Utangulizi wa Kompyuta: kweli ni kozi ya kupandishia GPA?

Nuru_Sos1
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa kwanza, BA Sosholojia, kidato cha sita nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Semesta ya kwanza nimetoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.3 na ninataka kufunga mwaka na 3.5. Sasa natakiwa kuchagua kozi moja ya hiari ya krediti 8. Wenzangu karibu wote wanakimbilia Utangulizi wa Kompyuta, wanasema ni A ya bure, Word na Excel tu. Mimi moyo uko kwenye Fasihi Simulizi, ila nasikia mwalimu anabana maksi. Laptop sina, na hesabu niliziachia kidato cha nne na D. Usajili unafungwa Ijumaa. Nishaurini.

Kijana_wa_Steshenari
Chukua kompyuta. Mimi nilikuwa nachapa kazi za watu steshenari kabla ya kuingia chuo, nikapata A bila kukesha.

Mwl_Maabara
Nuru mdogo wangu, nimesimamia semina na maabara za kozi hii kwa miaka, na karatasi zake za UE, yaani mtihani wa mwisho wa semesta, nimezisahihisha. Naomba unisikilize kabla hujajaza fomu.

Jina hilo linabeba kozi mbili tofauti. Ipo ya matumizi: sehemu za mashine, Word, Excel, usalama wa intaneti. Ipo pia ya kuprogramu, yenye lugha za kuandikia programu kama Python au C ndani yake. Fungua muhtasari wa kozi leo uone wiki za katikati kuna nini, maana wengi wanaosema "Word tu" hawajaufungua.

Hata hiyo ya Excel, ndugu yetu wa steshenari aliilipia A yake kabla ya kufika darasani. Vidole vyake vilishafanya kazi. Vyuo vingi UE ni ya kalamu na karatasi: unapewa jedwali, bei ziko safu B, VAT ya 18% iko E1, uandike fomula ya C2 itakayovutwa hadi C40. Wengi huandika =B2*E1. Ukiivuta chini, mstari unaofuata unasoma E2, ambayo haina kitu, na kodi inakuwa sifuri. Jibu ni =B2*$E$1, maana $ huifunga E1 isihame ukivuta. Aliyewahi kuona zile sifuri zikishuka mbele ya macho yake hasahau. Aliyekariri desa (notsi za kurithishana) usiku wa kuamkia mtihani anaitupia $ popote.

Kwenye kuprogramu ndiko nilikoona watu wenye akili nyingi wakipoteza maksi, na iliniuma kila mwaka. Programu inapokea namba mbili kwa input() kisha inazijumlisha. Mtu akiandika 5 na 5, kinatoka nini? Wengi wanajibu 10. Python inatoa 55, kwa sababu input() huleta maandishi, na maandishi ukiyajumlisha yanaunganishwa tu. Lazima uyageuze kwanza kuwa namba kwa int(). Vivyo hivyo range(1, 5), inayohesabu kuanzia 1, inaishia 4, si 5. Hapo hakuna hesabu za kutisha, kwa hiyo hiyo D isikuogopeshe. Hata kubadili 45 kuwa binari (namba za 0 na 1 tu) ni 32+8+4+1, basi, unapata 101101. Kinachotakiwa ni kusoma kila mstari kama ulivyo bila kuubunia maana, na wanafunzi wa lugha nimewaona wakiliweza hilo vizuri sana.

Sasa GPA yenyewe. A ni 5, B+ 4, B 3, C 2. Alama ya kila kozi huzidishwa kwa krediti zake. Tuseme mwaka wako ni krediti 120, 60 kila semesta. Umeshachuma 60 × 3.3 = 198. Kufika 3.5 unahitaji 120 × 3.5 = 420, kwa hiyo semesta hii 222. Ukipata A kwenye kozi hii, krediti 52 zilizobaki zinahitaji wastani wa 3.5. Ukipata C, zinahitaji karibu 4.0. Na kwenye shahada nzima ya krediti 360, tofauti ya A na B kwa krediti 8 ni 0.04 tu. Hizo 52 ndizo zitakazokuamulia daraja.

Dada_Takwimu
Mimi nilisoma sosholojia pia. Mwaka wa tatu utafanya utafiti, utarudi na madodoso ya kuingiza na kuchambua. Wenzangu wengi walilipa watu wa kuwafanyia, na siku ya kutetea kazi wakashindwa kueleza majedwali yao wenyewe. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuisoma kozi, hata kama ingenipa B.

Nuru_Sos1
Asanteni sana. Nimeufungua muhtasari: wiki ya 1 hadi 5 Word na Excel, kuanzia ya 6 ni Python mpaka mwisho. Koswek (kazi za ndani ya semesta) 40, UE 60, na kuna mazoezi ya maabara kila wiki yanayohesabiwa. Bila laptop nitaweza kweli?

Mwl_Maabara
Utaweza ukipata nafasi ya maabara angalau mara mbili kwa wiki, mbali na kipindi. Waulize mafundi wa maabara ni saa ngapi kuna nafasi. Mara nyingi asubuhi mapema foleni huwa fupi. Siku zilizobaki tumia simu, zipo programu za bure zinazoendesha Python, na Google Sheets inafungua majedwali. Kama ratiba yako haina hizo saa, nenda Fasihi Simulizi kwa moyo mweupe, utaipata hiyo A kwa kitu unachokipenda.

Kabla ya Ijumaa jaribu hili kwenye simu. Andika programu inayopokea maksi na kutoa daraja, 70 A, 60 B+, 50 B, 40 C, kwa kutumia if na elif, maneno ya Python ya kuweka masharti. Mara ya kwanza anza kuuliza na 40, uone kwa nini hata mwenye 90 anapewa C. Kisha ipange upya. Ukiona saa imepita bila kuchoka, jisajili. Ukikwama, bandika ulichoandika hapa hapa, nitakipitia kesho jioni.