Australia iunde Tume ya Kifalme kuchunguza vyombo vya habari, au serikali ikae mbali?

KINYOZI WA HOJA:
Wakuu, tulijadili hili kwa utulivu. Mwaka 2020 Kevin Rudd, waziri mkuu mstaafu, alikusanya saini zaidi ya 500,000 kulitaka Bunge liunde Tume ya Kifalme, yaani tume huru yenye nguvu za kisheria za kuita mashahidi, kuhusu umiliki wa vyombo vya habari. Seneti ikafanya uchunguzi wake, na ripoti ya Desemba 2021 ikapendekeza uchunguzi wa kimahakama wenye nguvu kama za tume hiyo. Mei 2022 chama cha Labor wakaingia madarakani, kimya mpaka leo.

Hali yenyewe mnaijua. Brisbane, Adelaide, Hobart na Darwin kila mji una gazeti moja la kila siku, na yote manne ni ya News Corp, kampuni ya familia ya Rupert Murdoch. Ongeza The Australian, Daily Telegraph, Herald Sun na runinga ya Sky News. Agosti 2013, siku ya kwanza ya kampeni, Daily Telegraph lilijaza ukurasa wa mbele kuwaambia wasomaji waitimue serikali ya Labor. Swali langu: serikali inayoandikwa hivyo ina haki ya kumchunguza mwandishi wake?

Na Labor wasijifanye yatima. Mei 2025 wamepata asilimia 34 tu ya kura za kwanza, wakabeba viti 94 kati ya 150. Kwingine huo ungeitwa wizi.

MWANATAKWIMU:
Mleta mada, umeandika vizuri halafu ukajimwagia tope kwa mstari wa mwisho. Wizi gani?

Karatasi ya Baraza la Wawakilishi ina majina yote ya wagombea wa jimbo, nawe unayapanga kwa namba, 1 mpaka la mwisho. Saa 12 jioni vituo vinafungwa, wanahesabu namba 1. Aliyevuka nusu ya kura halali ameshinda. Asipokuwepo, wa mkiani anaondolewa, karatasi zake zinahamia kwa walioandikiwa namba 2, kila moja ikiwa bado ni kura moja kamili. Anaondolewa mwingine, na mwingine, mpaka wabaki wawili. Ukigawa hivyo nchi nzima baina ya Labor na Muungano wa vyama vya Liberal na National, Labor walifika asilimia 55. Hiyo 34 unayoitangaza ni hatua ya kwanza ya hesabu, si matokeo.

NAHODHA77:
Asilimia 55 ya watu waliotishiwa faini! Huko usipopiga kura unatozwa dola 20. Ukimswaga mtu mpaka kituoni usije ukaniambia "wananchi wameamua".

MPIGA ZUMARI:
Dola 20 ndiyo kutishiwa? Faini ya kuegesha gari vibaya Sydney inaizidi mara kadhaa. Kura ya lazima ipo tangu 1924 na mahudhurio ni kama asilimia 90 hadi leo. Ukiwa na sababu ya maana unaandika barua, yameisha. Tena kura ni ya siri, hakuna atakayejua kama hukumchagua yeyote: utajiwe tu jina, upewe karatasi, uitumbukize sandukuni hata ikiwa tupu.

NAHODHA77:
Kwa hiyo wanalazimishwa kuitumbukiza karatasi tupu. Asante kwa kunisaidia.

BI KARANI:
Wanangu, mada ni vyombo vya habari. Nami niliseme ambalo mleta mada hakuligusa, maana kila mtu anamtazama Murdoch wakati jambo lenyewe linafanyika kwenye korido za Bunge la Canberra.

Ofisi ya waziri ina tangazo. Haiiti mkutano na waandishi. Jioni inampa mwandishi mmoja wa gazeti moja, kwa sharti kwamba lisitoke kabla ya asubuhi, na mara nyingine sharti la pili: usiwatafute wapinzani wala wataalamu kabla halijachapwa. Asubuhi gazeti linaandika kwamba serikali "itatangaza leo". Redio za alfajiri zinasoma gazeti. Waziri anaingia runinga za asubuhi "kufafanua". Mpaka mtaalamu aje kusema hesabu haijitoshelezi ni mchana, na saa 8 ndicho kipindi cha maswali bungeni, habari imeshabadilika. Mwandishi anayekataa masharti hapewi tena, anapewa jirani yake. Hilo wanalifanya Labor, wanalifanya Liberal, na tume ya kumchunguza mwenye gazeti haiwezi kuligusa kwa sababu anayelipika ni waziri.

Bajeti ndiyo kilele. Jumanne waandishi wanafungiwa ndani kuanzia kama saa 7:30 mchana, simu wameziacha, hakuna mawasiliano, mpaka waziri wa fedha asimame kuhutubia saa 1:30 usiku. Saa sita na makabrasha na maofisa wa Hazina wa kuwajibu. Habari ya kwanza wanayoitoa wakifunguliwa mlango imeandikwa kwa makaratasi ya serikali na maelezo ya serikali. Na nusu ya yaliyomo yalishagawiwa magazetini wiki mbili nyuma.

MWANATAKWIMU:
Bi Karani heshima yako, lakini chumba kile kina faida. Bila hicho waandishi wangesoma vitabu vinene kwa dakika kumi na kukosea tarakimu hewani.

BI KARANI:
Sijasema kifungwe, baba. Nimesema ujue kilipikiwa wapi kabla ya kula.

KINYOZI WA HOJA:
Asante Bi Karani, hiyo ndiyo hoja niliyoitaka. Ila MwanaTakwimu hajanijibu. Asilimia 55, sawa, nakupa. Viti 94 kwa 150 ni karibu asilimia 63. Hizo nane za juu zimetoka wapi? Na chama cha Greens walipata kama asilimia 12 ya kura za kwanza nchi nzima, kiti kimoja. KIMOJA. Tetea.

MWANATAKWIMU:
Zimetoka kwenye majimbo ya mbunge mmoja mmoja, kama Uingereza, kama India. Chama kinachoshinda kidogo kila mahali kinabeba karibu vyote, na chama kilichotawanyika kinatoka kapa. Ukitaka uwiano nenda Seneti, uchaguzi wa kawaida kila jimbo la shirikisho linatoa maseneta sita, na kura zinazotosha kiti kimoja ni kama asilimia 14.3. Huko ndiko Greens wanakopata uzito. Waasisi waliweka mabaraza mawili kwa sababu. Kutoelewa mfumo si ushahidi wa wizi.

NAHODHA77:
"Kutoelewa mfumo". Hawa ndio wasomi wetu. Haya nieleweshe jimbo la Melbourne: Adam Bandt, kiongozi wa Greens wakati huo, aliongoza kura za kwanza Mei 2025 na akanyang'anywa kiti. Aliyeshinda alikuwa wa pili.

MWANATAKWIMU:
Hakunyang'anywa. Hakuvuka nusu, na wafuasi wa Liberal walipoondolewa mgombea wao, wengi walikuwa wamemweka Sarah Witty wa Labor juu ya Bandt. Wengi wa jimbo hilo, wakilazimika kuchagua baina ya wale wawili, walimtaka Witty. Mfumo ule ule ndio uliomwingiza Bandt bungeni mwaka 2010, aliposhinda kwa namba 2 za Liberal. Wakati ule sikusikia neno wizi.

MPIGA ZUMARI:
Hapo amekufa mtu 😂

NAHODHA77:
Hajafa mtu. Mimi nasema mfumo unaomfanya wa pili kuwa wa kwanza unahitaji magazeti ya kuueleza, na magazeti hayaelezi, yanapiga ngoma. Ndiyo mada yetu hiyo, au mmeisahau?

KARANI WA MIZANI:
Naona watu wanatupa tarakimu kama karanga. Kuna mahali nimeona mtu anadai Murdoch ana asilimia 70 ya magazeti. Hilo ni la Rudd. Uchunguzi wa jaji Finkelstein, ulioripoti 2012, ulipima usambazaji wa magazeti ya kila siku ya miji mikuu na ya kitaifa ukapata kama 65. Usambazaji, si idadi ya magazeti, na si runinga, na si mtandao. Ni mwaka 2012, kabla kampuni ya runinga ya Nine haijainunua Fairfax, kampuni ya magazeti, mwishoni mwa 2018. Ukipima leo unapima nini? Juni 2020 News Corp wenyewe waliacha kuchapa magazeti zaidi ya 100 ya mitaa na ya mikoani.

Halafu tuwe wakweli kuhusu mzazi wa tatizo. Mwaka 1987 Murdoch aliponunua Herald and Weekly Times, kundi kubwa la magazeti kuliko yote nchini, alikuwa tayari raia wa Marekani. Serikali iliyoruhusu ilikuwa ya Bob Hawke, Labor. Mwaka 2017 ndipo Liberal wakafuta sheria iliyomkataza mtu mmoja kushika gazeti, redio na runinga kwa pamoja katika soko moja. Vyama viwili, mikono miwili, kisu kimoja.

MPIGA ZUMARI:
Karani, umesahau kwamba mwaka 1987 huo huo Labor waliweka sheria ya kutenganisha magazeti na runinga. Uchague, uwe mfalme wa karatasi au wa kioo. Kwa hiyo walikuwa wanajaribu kuzuia.

KARANI WA MIZANI:
Walizuia mmoja asishike vyote viwili, matokeo yake mmoja akabeba karibu karatasi yote. Ukizuia upana bila kuzuia urefu unapata mnara. Sijasahau kitu.

BI KARANI:
Na nguvu ya mnara wenyewe mnaikuza. Magazeti mengi ya News Corp yalikuwa na Muungano 2022, Labor wakashinda. 2025 hivyo hivyo, na Peter Dutton, kiongozi wa Muungano, akapoteza hata kiti chake cha Dickson. Mwaka 2007 The Australian lilimuunga mkono Rudd huyo huyo. Gazeti halichagui waziri mkuu siku ya kura.

Linachofanya ni kuchagua kitakachozungumzwa Jumatatu. Tazameni kura ya maoni ya Newspoll inayochapwa na The Australian. Septemba 2015 Malcolm Turnbull alimpindua waziri mkuu Tony Abbott, wa chama chake hicho hicho cha Liberal, akitaja kupoteza Newspoll 30 mfululizo. Aprili 2018 yeye mwenyewe akatimiza 30, waandishi wakihesabu moja moja. Agosti hakuwepo. Viongozi wawili wametikiswa na namba ya gazeti, wapiga kura hawajagusa penseli. Na 2019 kura za maoni zote zilisema Labor wanashinda, akashinda Scott Morrison wa Liberal.

MWANATAKWIMU:
Hapo 2019 kosa halikuwa kwenye ugawaji wa namba 2. Walikosea namba 1 zenyewe, sampuli zilikuwa na Labor wengi mno, na kampuni zote zikakosea upande mmoja. Wakikosea kwa bahati wangetawanyika, wengine juu wengine chini.

NAHODHA77:
Mbona hakuna anayeigusa ABC? Shirika la utangazaji la umma, dola bilioni moja na zaidi kwa mwaka, kodi ya watu. Hilo nalo lichunguzwe kama tume inakuja. Lilimwondoa hewani mtangazaji Antoinette Lattouf Desemba 2023 kwa sababu ya chapisho moja kuhusu Gaza, na 2025 Mahakama ya Shirikisho ikasema lilivunja sheria. Dola 70,000 fidia, kisha faini ya 150,000 juu yake. Nani anawaogopesha hao, Murdoch?

MPIGA ZUMARI:
Anawaogopesha anayeshika mfuko. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa 2013 Abbott aliahidi hakuna kupunguza pesa za ABC wala SBS, shirika jingine la utangazaji la umma, la lugha nyingi. Mwaka 2014 za ABC pekee zikakatwa dola milioni 254 kwa miaka mitano. SBS hiyo ndiyo inayotangaza hata kwa Kiswahili, kwa hiyo msidhani ni ugomvi wa wazungu watupu. Tangu Julai 2023 pesa zinapangwa kwa miaka mitano badala ya mitatu, ili waziri asiwe na kiboko kila baada ya muda mfupi. Mwenyekiti lakini bado anapendekezwa na serikali, na jopo la uteuzi linaweza kurukwa, kama ilivyofanyika 2019 kwa Ita Buttrose.

NAHODHA77:
Nimeuliza kwa nini wanaogopa, umenijibu bajeti. Sawa.

KARANI WA MIZANI:
Na Juni 2019 polisi wa shirikisho waliingia ofisi za ABC Sydney kwa habari za wanajeshi Afghanistan, siku moja baada ya kupekua nyumba ya mwandishi wa News Corp, Annika Smethurst. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikabatilisha hati ya upekuzi wa Smethurst. Siku hiyo ABC na Murdoch walikuwa kitanda kimoja. Katiba ya huko haina kifungu cha uhuru wa habari, kuna uhuru wa mawasiliano ya kisiasa ambao majaji waliusoma ndani yake mwaka 1992, basi. Ukitaka tume, ianzie hapo.

KINYOZI WA HOJA:
Kwa hiyo Karani unaunga mkono tume au huungi? Ndiyo au hapana.

MPIGA ZUMARI:
Kabla hajajibu, kuna jambo la Nahodha halijarekebishwa. Karatasi tupu haihesabiwi, lakini karatasi yenye nafasi moja tupu, nyingine zote zikiwa na namba kwa mfuatano, ni halali. Ile tupu inachukuliwa kuwa ya mwisho.

NAHODHA77:
Na bado zaidi ya kura 5 katika kila 100 zinaharibika. Mfumo mzuri huo?

MWANATAKWIMU:
Zinaharibika zaidi magharibi ya Sydney, na sababu inajulikana. Wapiga kura wengi si wenyeji wa Kiingereza, wagombea wengi, na uchaguzi wa jimbo la New South Wales unakuruhusu kuweka 1 peke yake ukaondoka. Mtu anaweka 1 kwenye karatasi ya shirikisho akidhani ni ile ile. Seneti nayo ina kanuni ya tatu, angalau namba 6 juu ya mstari, penye vyama, au 12 chini yake, penye majina ya wagombea.

NAHODHA77:
Karatasi mbili siku moja, kanuni mbili, na ya jimbo ya tatu. Halafu mimi ndiye sielewi mfumo.

MPIGA ZUMARI:
Kanuni imeandikwa juu ya karatasi yenyewe, Nahodha. Kwa herufi kubwa.

NAHODHA77:
Kwa Kiingereza.