MJADALA: Mwalimu akiondolewa kwenye vita, mtoto abaki na nani?

MwanaKisauni:

Asalam alekum na habari za jioni nyote. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki jana nataka tulijadili, na naomba tusitukanane. Kuna binti wa kwetu kaletwa hapa Kisauni kwa shangaziye kutoka wadi ya Basuba, kule msitu wa Boni, Lamu. Ana miaka 14 na ameandikishwa gredi ya nne. Mimi ndo nilompeleka skuli siku ya kwanza, akakalishwa na watoto wa miaka tisa, magoti hayaingii chini ya dawati, ikabidi akae ubavu miguu iko nje kwenye njia. Mwalimu akampa kitabu asome, akawa asoma kwa kidole, neno moja moja, na kila wenzake wakimwangalia sauti yazidi kupotea. Na si mjinga yule, mtoto akutajia miti yote ya kwao na asali ya mti upi ni tamu na ya upi ni chungu. Ila alipofika umri wa kuanza skuli hakukuwa na skuli.

Kwa wasiojua, baada ya Al-Shabaab kuushambulia mji wa Mpeketoni, Lamu, Juni 2014 na mashambulizi yalofuata, skuli tano za msingi za Basuba zilifungwa, yaani Milimani, Basuba, Mangai, Mararani na Kiangwe, walimu wakakimbia, na Septemba 2015 ikaanza operesheni ya kijeshi ya Linda Boni. Baadhi ya watoto walipelekwa bweni Mokowe. Wengine wakabaki hivyo hivyo.

Sasa swali langu. Serikali ikiona hatari yawaondoa walimu, sawa, roho ni roho. Lakini mbona siku mwalimu anapopanda gari la kuondoka hakuna anayejua mtoto ataingia darasa gani Jumatatu inayofuata? Mimi nasema isiruhusiwe kumhamisha mwalimu mpaka iandikwe kwanza mtoto aenda wapi. Semeni.

Mwalimu wa Likoni:

Ndugu yangu nimekusoma mpaka mwisho na mtoto huyo ananiuma, lakini hilo neno lako la mwisho silikubali hata kidogo. Nimefunza Mandera miaka minne. Tarehe 22 Novemba 2014 lile basi lililotoka Mandera walitenganishwa abiria, wasiokuwa Waislamu wakauawa, watu 28, na wengi walikuwa walimu waenda makwao likizo ya Disemba. Nilowajua wamo. Mmoja tulikuwa twapika sufuria moja, zamu yake ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Sasa waniambia ningengoja karatasi iandikwe? Wizara ichukue miezi sita kuandika na mimi niko ndani ya chumba cha mabati nasikiliza kila pikipiki inayopita usiku?

Sanduku langu la bati niliondoka nalo mpaka leo liko chini ya kitanda na daftari za hesabu za darasa la saba zimo hazijasahihishwa. Usifikirie tuliwatupa wale watoto kwa raha zetu.

MwanaKisauni:

Mwalimu, pole sana, na neno "isiruhusiwe" nalirudisha, nilikosea. Anayehofia roho yake aondoke saa hiyo hiyo. Ninachosema ni kwamba huo mpango wa mtoto uwe ushaandikwa zamani, kabla risasi haijalia, maana hatari ya kule si ngeni. Garissa Chuo Kikuu ilikuwa Aprili 2015, wakauawa watu 148. Januari 2020 wakauawa walimu watatu Kamuthe, huko huko Garissa, TSC, ile tume ya kuajiri walimu, ikahamisha walimu wasio wenyeji kwa wingi, wazazi wa kule wakalia kwamba watoto wao wameadhibiwa kwa kosa la wengine. Miaka mitano mizima ilipita hapo katikati na bado ilikuwa kama jambo la ghafla!

Bint Pate:

Mimi nataka kusema la wanajeshi maana hamjaligusa. Watu wengi wasema wekeni kambi ndani ya skuli basi. Hapana jamani. Askari akilala darasani, lile darasa lishakuwa shabaha, na mtoto apita mbele ya bunduki kila asubuhi akienda kusoma a-e-i-o-u. Kuna Azimio la Skuli Salama la Oslo, Mei 2015, na Kenya imo kati ya nchi zilizoliunga mkono, lasema majeshi yasitumie skuli kwa shughuli za vita. Askari alinde barabara ya kwenda skuli, alinde kisima, ndani asiingie.

Na bweni pia si dawa ya kila kitu. Mtoto wa miaka sita wamtoa kwa mamake wamvusha mpaka mji mwengine, usiku alia, hajui lugha za wenzake vizuri, mzazi hana nauli ya kwenda kumuona. Wako wanaotoroka na si kwamba hawataki kusoma.

Kijana wa Majengo:

Hizo karatasi za Oslo ni za wakubwa kupiga picha tu. Sudan vita vimeanza Aprili 2023 na watoto wangapi wamekaa nyumbani, skuli zimejaa familia zilizokimbia mabomu, nani alionyesha karatasi akasikizwa? Goma nako, kule Kongo, waasi wa M23 wameingia Januari 2025 hivyo hivyo. Vita ni vita, kwanza watu wawe hai, elimu baadaye.

MwanaKisauni:

Kaka hapo kwa "elimu baadaye" ndipo tunapopotezea watoto. Baadaye lini? Huyu binti ni baadaye ya mtu alosema hivyo mwaka 2015. Mji wa Kharkiv kule Ukraine Septemba 2023 walifungua madarasa ndani ya stesheni za treni za chini ya ardhi, mabomu yakianguka juu. Najua Basuba hatuna treni. Lakini sisi wenyewe skuli zilipofungwa nchi nzima Machi 2020 masomo yalipitishwa redioni, haikuchukua hata mwezi kupanga. Kwa nini ilipokuwa mtoto wa Nairobi na Mombasa ikawezekana? Basi tuma redio za sola na mtu mzima mmoja wa kijiji alipwe awasimamie, wakae hata chini ya mwembe. Katiba kifungu cha 53 yasema elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto, haikusema isipokuwa wa msituni.

Bint Pate:

Na huyo mtu mzima wa kijiji ndiye wa kufundishwa awe mwalimu kamili. Mwenyeji hakimbii kirahisi, ndo kwao. Lakini kila tukisema alama za kuingia chuo cha ualimu zilegezwe kwa vijana wa huko twaambiwa twashusha kiwango. Kiwango gani cha darasa ambalo halina mwalimu kabisa?

Mwalimu wa Likoni:

Dada hapo kwa wenyeji niko na wewe, ila msiseme hawakimbii kwa sababu nao wana watoto na wanauawa vilevile, wapewe posho ya mazingira magumu na bima kama mtu wa kutoka mbali, wasichukuliwe kwa bei rahisi kwa kuwa ni wa hapo hapo. Na kulegeza alama sawa, lakini chuoni waongezwe mwaka mmoja wa kufidia. Nimeona vijana wa fom foo Mandera wenye D wanaoeleza sehemu za desimali vizuri kuliko mimi, walikosa tu mwalimu wa kemia miaka minne.

Mimi kurudi kule sirudi, na sitamlaumu mwalimu yeyote anayekataa.

MwanaKisauni, huyo binti mlete Jumamosi baada ya Alasiri, mimi nakaa karibu na feri, mwambie aje na kitabu chochote anachokipenda hata kama ni cha wadogo. Akae na mimi peke yake tusome pasipokuwa na mtu wa kumwangalia.