Naomba ushauri: vizazi vinne kwa siku moja kwenye bustani ya wanyama na michezo

Mjukuu Mkubwa

Habari zenu ndugu zangu, na kwa wazee wote shikamooni.

Mwezi ujao familia yetu inakusudia kwenda kwenye bustani kubwa yenye wanyama pamoja na michezo ya mashine, yaani bembea za kila aina na zile treni zinazopanda juu na kuporomoka kwa kasi. Tutakuwa watu tisa: babu mwenye miaka 82, bibi mwenye miaka 77, mama yangu, mimi na mume wangu, mdogo wangu wa kike ambaye ana ujauzito wa miezi sita, mwanangu wa miaka 13, binti yangu wa miaka sita, na mtoto wa mdogo wangu ambaye ametimiza miaka miwili.

Naomba ushauri kwa sababu mwaka jana tulikwenda mahali pa namna hiyo na nikarudi na uzito moyoni. Tulipofika tuliwakalisha babu na bibi kwenye benchi lenye kivuli, tukawawekea mikoba yote pembeni, tukawaambia tutarudi baada ya nusu saa. Tulirudi baada ya saa mbili. Mchana tukafanya vilevile. Usiku nilipopitia picha niliona kwamba babu hayumo hata katika moja, na mdogo wangu alipomuuliza bibi kama amefurahi, bibi alijibu kwa upole kwamba mikoba yote ilikuwa salama. Jibu hilo sijalisahau.

Safari hii hali ni ngumu zaidi. Kumbukumbu ya babu imeanza kupungua, na mahali pageni humchanganya, ingawa majina ya ndege aliyotufundisha tukiwa wadogo bado anayo yote. Bibi anatembea kwa mkongojo kwa sababu ya magoti, na anatumia insulini. Mwanangu anataka treni yenye kasi kuliko zote, na binti yangu anataka kumlisha twiga kwa mkono wake. Nawezaje kuipanga siku hii ili isiwe ya watoto peke yao, na wazee wasigeuke walinzi wa mizigo?

Baba Watatu

Pole, ndugu yangu. Kwa heshima zote kwa wazee wako, mimi ningewapangia safari yao peke yao, fupi na tulivu, kisha watoto wakapewa siku nyingine ya michezo. Niliwahi kuchanganya makundi hayo mawili na kila mtu akarudi hajaridhika, kwa sababu mwendo wa kijana wa miaka 13 na mwendo wa mzee wa miaka 82 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Bibi wa Wajukuu Saba

Mwanangu Baba Watatu, hoja yako naielewa, na kwa familia nyingine huenda ikafaa. Lakini sisi wazee hatuendi kule kwa sababu ya twiga peke yake. Tunakwenda kuona uso wa mtoto anapomwona twiga, na ukituchukua siku yetu peke yetu, uso huo hatutauona.

Mjukuu Mkubwa, nimesoma maelezo yako mara mbili, na naomba usichukie kwa nitakalosema, kwa maana naona unawapenda wazee wako. Umetueleza mwanao anataka nini na binti yako anataka nini. Kuhusu babu na bibi umetueleza magonjwa yao tu. Je, umewauliza? Usiwaulize kama watapenda kuja, kwa sababu mzee akiulizwa hivyo atasema ndiyo ili asiwakere. Waulize wanataka kufanya nini wakifika. Keti nao, waonyeshe ramani ya bustani na picha za vilivyomo, kisha nyamaza na usubiri.

Mtunza Wanyama

Nimefanya kazi ya kutunza wanyama kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu wanyama wenyewe watakusaidia kupanga siku, kwa kuwa ratiba yao inafanana mno na ya wazee. Wanyama wengi huchangamka asubuhi mapema na tena joto linapopungua jioni. Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku, kwa hiyo atakayefika kwenye uzio wake saa saba mchana ataona mgongo uliolala kivulini na kusema kwamba bustani haina kitu. Kiboko mchana hujizamisha majini, kwani kwa asili hutoka kula majani usiku. Tembo ndiye anayevutia hata kwenye joto, kwa sababu hupepea masikio yake yenye mishipa mingi ya damu ili kujipoza, na mzee aliyeketi mbele yake kwa robo saa ataona mambo mengi kuliko kijana aliyepita mbio.

Kwa hiyo fikeni lango linapofunguliwa na muanze na wanyama, wala msianze na mashine. Wageni wengi hukimbilia treni za kasi asubuhi, na wakati huo njia za wanyama huwa tupu na tulivu, jambo litakalomsaidia sana babu. Kama bustani hiyo ina banda kubwa la ndege ambalo mtu huingia ndani, mpelekeni huko kwanza kabisa. Ndege huimba zaidi asubuhi, na umesema mwenyewe kwamba majina yao hayajamtoka. Pale yeye ndiye atakayekuwa mwenyeji, na ninyi ndio mtakaoongozwa.

Kuhusu twiga, ulizeni mapema saa za kulisha, kwa kuwa mara nyingi ni za vipindi na watunzaji huacha pale twiga wanapokuwa wameshiba. Mwandaeni binti: ulimi wa twiga una urefu wa kama sentimita 45, una rangi ya weusi weusi, na una ute mzito. Watoto wengi hushtuka na kudondosha jani. Amnyooshee tawi huku ameshika mwisho wake, na asijaribu kumpapasa kichwani, kwa sababu twiga hurusha kichwa ghafla anapoguswa asipotarajia. Jukwaa la kulishia aghalabu limeinuliwa juu, basi ulizeni kama kuna njia ya mteremko, ili magoti ya bibi yasipambane na ngazi.

Jambo moja dogo: baadhi ya bustani, kama Disney's Animal Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1998 huko Florida, Marekani, haziruhusu maputo wala mirija ya plastiki, kwa kuwa vikipeperuka vinaweza kumezwa na mnyama. Kama mtoto wa miaka miwili hutumia mrija, someni masharti kabla ya kuondoka nyumbani.

Muuguzi Mstaafu

Ninaunga mkono ushauri wa kwenda mapema, nami nitaongeza upande wa afya.

Mwili wa mzee huchelewa kuhisi kiu, kwa hiyo msisubiri babu au bibi aombe maji. Wapeni kidogo kidogo kila baada ya nusu saa, isipokuwa kama daktari amewawekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Insulini ya bibi isikae kwenye jua wala ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu aina nyingi hazivumilii joto linalozidi nyuzi 30. Iwekwe kwenye mfuko wa kupooza, lakini isigusane na barafu, kwani insulini iliyoganda haifai tena. Kutembea kuliko kawaida hushusha sukari, basi apime kabla ya mwendo mrefu, na anayemsindikiza awe na kitu cha sukari mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye mkoba ulioachwa kwingine.

Mdogo wako asipande mashine yoyote inayosimama ghafla au kurusha mwili, hata kama anajisikia mzima kabisa. Mshtuko wa namna hiyo unaweza kubandua kondo la nyuma. Kwenye zizi la wanyama wa kushikwa, ajiepushe na mbuzi na kondoo waliozaa karibuni. Baada ya kugusa mnyama au uzio, wote muoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu dawa ya kupaka mikononi haiui vijidudu vyote, na watoto wadogo, wajawazito na wazee ndio huugua zaidi. Chupa na chuchu bandia ya mtoto visitolewe kabisa ndani ya eneo hilo.

Kuhusu babu, mpigeni picha asubuhi mkiwa nyumbani, akiwa na nguo alizovaa siku hiyo, na mumvalishe bangili yenye namba ya simu. Kila saa awe na mtu mmoja anayetajwa kwa jina kwamba ndiye aliye naye, kwa maana watu wanane wakisema kwamba wote wanamwangalia, kila mmoja atadhani mwingine anamwona. Wagonjwa wengi wa kumbukumbu huchanganyikiwa zaidi jua linapoelekea kuzama, kwa hiyo msingojee jioni. Ondokeni angali mtulivu.

Mama Pacha

Upande wa michezo, mpime binti yako nyumbani, akiwa na viatu atakavyovaa siku hiyo, kisha linganisha na vipimo vilivyotangazwa na bustani. Mashine nyingi zina kimo cha chini, mara nyingi kati ya sentimita 100 na 140 kutegemea ukali wake. Kipimo hicho kinaangalia mwili, si umri wala ujasiri, kwa sababu chuma cha kumfunga mtoto kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na aliye mdogo zaidi anaweza kuchomoka. Mweleze ukweli kabla hamjaondoka. Mimi niliwaacha pacha wangu wapange foleni kwa dakika 40, mmoja akapita na mwenzake akarudishwa kwa sentimita mbili, na kilio chake kilitawala siku iliyobaki.

Ulizeni pia kama kuna utaratibu wa kubadilishana zamu, ambao mzazi mmoja hupanda huku mwenzake akibaki na mdogo, kisha wakabadilishana bila kupanga foleni upya. Na mikoba kodisheni kabati langoni. Mkoba ukiwa kabatini hauhitaji mlinzi.

Mjukuu Mkubwa

Nawashukuru sana. Bibi wa Wajukuu Saba, sikuchukia hata kidogo, ila niliona aibu, kwa sababu ni kweli sikuwahi kuwauliza. Jana niliketi nao na ramani. Babu alisema anataka kusikia ndege kabla kelele za watu hazijaanza. Bibi alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akaweka kidole kwenye picha ya bembea ya kuzunguka yenye sanamu za wanyama, akasema kwamba amewapandisha watoto wake na wajukuu wake kwenye bembea za namna hiyo maisha yake yote, lakini yeye mwenyewe hajawahi kupanda.

Limebaki jambo moja. Bibi hataki kusikia habari za kiti cha magurudumu. Anasema yeye si mgonjwa.

Bibi wa Wajukuu Saba

Usibishane naye. Nami nilikataa hivyohivyo. Kichukueni na mkisukume kikiwa kitupu, na mwambieni kwamba ni akiba ya miguu yake kwa ajili ya bembea. Akichoka atakaa mwenyewe bila kuambiwa, na atakapokaa, asiwepo mtu wa kumwambia, "Si nilikuambia?"

Muuguzi Mstaafu

Bembea hizo kwa kawaida huwa na viti vipana visivyopanda na kushuka. Muulizeni msimamizi, na bibi akae hapo huku ameshikwa mkono wakati wa kupanda na kushuka, kwani hapo ndipo watu huanguka.

Mjukuu Mkubwa

Mrejesho wa safari yetu.

Tulifika kabla lango halijafunguliwa na tukaenda moja kwa moja kwenye banda la ndege, ambako tulikaa karibu saa nzima. Babu aliwatambua wengine kwa sauti kabla hatujawaona. Mwanangu alivumilia dakika 20, kisha akaenda kwenye treni yake na baba yake, na sikumlazimisha abaki. Twiga alimlamba binti yangu hadi kwenye kiwiko, naye hakudondosha tawi. Bomba la kunawia lilikuwa na maji lakini sabuni ilikwisha, kwa hiyo chukueni yenu.

Bibi alitembea hadi saa tano, akaketi kwenye kiti chake bila neno, na saa sita akapanda bembea mara mbili, mara ya pili akiwa na mtoto wa miaka miwili pembeni yake na mama yangu akimshikilia. Picha ninazo. Si kila kitu kilikwenda sawa: mvua ya radi ilifunga mashine za nje mwanangu akiwa bado hajapanda ile aliyoitaka zaidi, na tulipoondoka saa nane alinuna. Nimemwahidi siku yake na baba yake.

Babu ameniagiza nimuulize Mtunza Wanyama swali moja, na ameniuliza mara tatu kama nimeshauliza. Kwenye bwawa kulikuwa na ndege waitwao heroe (flamingo) wa rangi ya waridi iliyokolea, lakini baadhi yao walikuwa wa kijivu, na wengine wakubwa kabisa walikuwa wamepauka karibu kuwa weupe. Anataka kujua kama hao walikuwa wagonjwa.

Mtunza Wanyama

Mpe babu shikamoo yangu, na umwambie ana jicho kali. Wa kijivu ni wadogo. Heroe huzaliwa bila rangi hiyo na huipata kidogo kidogo, kwa miaka miwili au mitatu, kutokana na chakula chenye rangi asilia, kama mwani na viumbe wadogo wa majini. Wakubwa waliopauka huenda hawakuwa wagonjwa hata kidogo. Baba na mama wote hutengeneza kooni aina ya maziwa mekundu ya kumlisha kinda, na rangi ya manyoya yao hupungua wakati wa kulea, kwa sababu sehemu yake hupita kwenye maziwa hayo na kuingia kwa mtoto. Kinda akianza kujilisha mwenyewe, rangi yao hurudi polepole.