Hivi mtoto kuishia njiani sekondari ni hela tu au kuna kingine?

Wakuu, mbona kuna watoto vichwa kabisa wanaacha shule na wa kawaida wanamaliza?

> Hela imo ila siyo yote. Ripoti ya Coleman ya 1966 kule Marekani, ule utafiti mkubwa wa wanafunzi na shule zao, ilishaonyesha hali ya familia inambeba mtoto kuliko hata vifaa vya shule, watu wakabisha weee.

> Mi nasema kuhamahama, wazazi wakigombana dogo anapelekwa kwa bibi, huko anakuta wenzake washamaliza mada na daftari lake lina mapengo.

> Na mabinti je? Mama akiugua dada mkubwa ndo anabaki kulea wadogo, anakosa wiki, mara mwezi, akirudi anaona aibu kukaa na madogo. Hapo hata ukimlipia ada ashakata tamaa.