MJADALA: Ziwa Victoria lifungwe miezi mitatu kama Tanganyika, au tufunge mazalia ya samaki tu?

Wakuu habari zenu, hasa wa Kanda ya Ziwa.

Kuna hoja imeshika kasi huku Mwanza, ukipita Kirumba mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, utaikuta, Igombe utaikuta, kwamba na sisi tufunge ziwa miezi mitatu samaki wapumzike. Mfano wanaoutoa ni Tanganyika, ilifungwa 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 baada ya nchi zinazolizunguka kukubaliana. Wengine wanaenda mpaka baharini, wanasema mbona Songosongo na Kisiwa Panza kule Pemba wanafunga miamba ya pweza na wakifungua wanavuna pweza wakubwa.

Mi napinga kufunga ziwa zima. Sio kwamba samaki wapo, samaki wamepungua na kila anayekula ziwani anajua. Napinga kwa sababu dawa hiyo ni ya ugonjwa mwingine.

Tuanze na huyo pweza. Pweza anaishi kama mwaka hivi, anakua haraka kweli, ukimuacha miezi mitatu unamkuta ameongezeka uzito hasa. Na kule hawafungi bahari, wanafunga kipande cha mwamba, wanakijiji wamekaa wenyewe wakakubaliana na wanalinda wenyewe, huku sehemu nyingine watu wanaendelea kuvua. Sasa leta hiyo kwa sangara. Jike la sangara linahitaji zaidi ya mwaka mpaka lianze kutaga, kwahiyo ukifunga miezi mitatu af ukafungua na makokoro (nyavu za kukokota) na timba (nyavu haramu za uzi wa plastiki) bado zipo, unachofanya ni kumpa yule mchanga miezi mitatu ya kunenepa kidogo kabla hajavuliwa bila kutaga hata mara moja. Kinachomlinda sangara ni ukubwa, na sheria ipo, chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Nenda jioni mtaani uone wanaokaangwa pale wana sentimita ngapi.

Sato ndio anaumiza zaidi. Sato anachimba kiota maji mafupi karibu na ufukwe, jike likishataga linabeba mayai mdomoni na hata watoto wakitoka bado linawakinga humo humo mdomoni. Kokoro linavutwa wapi? Hapo hapo ufukweni, linakomba mama, watoto na kiota chenyewe. Ndio maana nasema tufunge mazalia, yale maghuba na matete yanayojulikana na kila mvuvi mzee, na tufunge MWAKA MZIMA sio miezi mitatu, wekeni maboya mtu ajue mpaka uko wapi, na BMU za pale, yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi ufukweni, wapewe mafuta na boti ya doria sio kofia na semina.

Dagaa nakubali ni kesi tofauti, anazaliana haraka, miezi michache inaweza kumsaidia. Lakini dagaa anavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapaki, kwahiyo wale tayari wana mapumziko kila mwezi. Na nyuma ya dagaa kuna akina mama wanaoanika pale mchangani ambao mtaji wao ni wa kuzungusha, leo ananunua kesho kutwa anauza, huyo miezi mitatu akikaa bure mtaji ameshaula na mkopo wa kikundi unamsubiri mlangoni. Vijana wa kwenye mtumbwi vivyo hivyo, chombo sio chake, nyavu sio zake, injini ya tajiri, analipwa kwa mgao wa kilichopatikana, kisipopatikana hapati kitu.

Kitu kinachoniuma kwenye hizi oparesheni zetu ni kwamba moto unawaka ufukweni tu. Nyavu zinachomwa mbele ya mvuvi, sawa, haramu ni haramu, lakini timba haifumwi Ukerewe jamani, inaingia nchini kwa mzigo, inakaa stoo, inauzwa dukani na risiti labda. Na wale samaki wachanga wana wanunuzi wao, kuna magari yanapakia. Mkamate mwenye stoo na mwenye gari hata mara chache tu muone kama mwalo hautabadilika.

Halafu kuna Mto Mirongo, unapita katikati ya mji na uchafu wote wa mji unamwagika ziwani, makopo, mifuko, maji ya vyoo mvua ikinyesha. Ziwa lifungwe lisifungwe Mirongo haufungwi.

Kuna atakayeniambia mazalia yamelindwa kwenye karatasi miaka yote na hayalindwi kweli. Ni kweli, ila kama maghuba machache yametushinda kulinda, ziwa la kilomita za mraba kama 68,800 tutalilinda na nini? Tena maji yenyewe tunagawana na Uganda na Kenya, sangara hana pasipoti, sisi tukifunga peke yetu tunawavulisha wenzetu.

Kwahiyo mnaounga mkono kufunga ziwa lote nijibuni mawili. Yule mama wa dagaa atakula nini hiyo miezi mitatu, na fungu hilo liko kwenye bajeti ya nani? Na siku ya kufungua, timba zitakuwa zimeenda wapi?