Naombeni ushauri: nakadiriaje nafasi ya diski ya logi za akaivu za Oracle?

Mtunzadata

Wakuu, habari za muda huu.

Nina databesi ya Oracle ninayoitunza peke yangu, na kuna seva ya pili inayopokea logi zake (rekodi za kila badiliko, ambazo hunakiliwa kuwa logi za akaivu) ili ishike kazi ya kwanza ikianguka. Usiku wa kufunga hesabu za mwezi databesi ilisimama. Kila mtumiaji alikuwa anapata ORA-00257 (kosa la logi kushindwa kuhifadhiwa), na aliyeweza kuingia ni mimi tu kwa SYSDBA, ruhusa ya msimamizi mkuu. Kutazama, eneo la kuhifadhia logi (FRA, nililokuwa nimeliwekea kikomo cha GB 300) limejaa pomoni. Kwa kihoro nikaingia kwenye folda nikafuta mafaili ya zamani kwa rm. Folda ikapungua, databesi ikakataa vilevile. Ni hadi nilipopandisha kikomo hicho (db_recovery_file_dest_size) kufika GB 400 ndipo watu wakaanza kuingia.

Sasa wakubwa wanataka makadirio kabla ya Ijumaa ili wanunue diski mara moja. Hesabu yangu iko hivi: redo logi zangu (zile zinazoandikwa kabla ya kunakiliwa akaivu) ni GB 1 kila moja, na v$archived_log, orodha ya Oracle ya logi za akaivu, inanionyesha mistari kama 244 kwa siku. 244 mara siku 30 ni zaidi ya TB 7. Namba hii inanitisha, na kwenye folda sioni kitu kinachofanana nayo. Siku ya kawaida, kabla bakapu haijapita, nikipima folda kwa du inanipa GB 40 na ushee.

Kosa langu liko wapi? Na hizo siku 30, ndicho kipimo sahihi kweli?

Maelezo mengine: RMAN (chombo cha bakapu cha Oracle) inafanya kazi saa 7 usiku, inachukua logi zote kisha inazifuta. archive_lag_target ni 900.

---

Kitasa

Mkuu, pole sana. Makosa ni mawili na yote yamo kwenye maelezo yako.

La kwanza, una seva ya pili. Kila logi ina mistari miwili kwenye v$archived_log, mmoja wa hapo nyumbani na mmoja wa kule inakotumwa. Kwa hiyo 244 yako ni logi 122.

La pili, archive_lag_target ya 900 inailazimisha databesi ibadilishe logi kila baada ya dakika 15 hata kama haijajaa. Hizo peke yake ni 96 kwa siku. Usiku watu wamelala, logi ya GB 1 inafungwa ikiwa na megabaiti chache, na faili linaloandikwa kwenye akaivu linakuwa na ukubwa wa kile kilichomo tu. Ukihesabu mafaili ukazidisha kwa GB 1 utakuwa umehesabu hewa.

Pima baiti zenyewe:

SELECT TRUNC(completion_time) siku,
ROUND(SUM(blocks*block_size)/1024/1024/1024, 1) gb,
COUNT(*) mafaili
FROM v$archived_log
WHERE dest_id = 1
GROUP BY TRUNC(completion_time)
ORDER BY 1;

Hakikisha kwamba dest_id 1 ndiyo ya hapo nyumbani kwako. Ukitaka kwa saa, weka TRUNC(completion_time, 'HH24') mahali pote pawili.

---

Nanga

Naongezea kwa Kitasa, maana hapa ndipo wengi wanaponunua diski isiyotosha.

Ukishapata zile siku, usichukue wastani. Wastani wa mwezi utakupa GB 45 au 50 kwa siku, utaweka GB 300, na utaona una karibu wiki nzima mkononi. Ndiyo hesabu iliyokuangusha. Eneo la logi halijai kwa wastani, linajaa siku moja mbaya iliyoangukia usiku ambao bakapu nayo imeshindwa. Kwa hiyo jiulize hivi: tangu logi inapozaliwa hadi inapofutwa salama, mambo yakiharibika, ni muda gani mrefu zaidi unaoweza kupita? Mimi huhesabu kwamba bakapu imeshindwa mara mbili mfululizo na hakuna aliyegundua, tuseme mwisho wa juma. Hiyo inanipa siku tatu. Halafu natafuta siku tatu nzito zaidi zinazofuatana katika historia yangu yote, najumlisha, naongeza karibu asilimia 30.

Siku 30 zako ni suala la kule bakapu zinakokaa. Kama sera inasema mweze kurudi nyuma mwezi mzima, logi za mwezi ziwe kwenye hifadhi ya bakapu, wala si kwenye diski ya databesi. Hizo ni hesabu mbili, na wakubwa wapelekee zikiwa mbili.

Angalizo kuhusu historia: rekodi za v$archived_log zinakaa kwenye kontroli faili (faili la kumbukumbu za databesi yenyewe), na mpya huandikwa juu ya zilizozeeka. control_file_record_keep_time kwa kawaida ni siku 7. Inawezekana mwisho wa mwezi uliokusumbua bado unaonekana, ila wa miezi iliyopita umeshafutika. Tengeneza jedwali dogo, kila asubuhi skripti iandike jumla ya jana. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu cha kusimamia.

---

Chapchap

Mbona rahisi? Kama tatizo ni usiku mmoja kwa mwezi, zima ARCHIVELOG (hali ya kuhifadhi logi) jioni hiyo, kazi ikiisha washa tena. Hakuna logi, hakuna kujaa.

---

Nanga

Hapana ndugu yangu, tafadhali asifanye hivyo. Kwanza itabidi aizime databesi na kuifikisha hatua ya mount (imewashwa ila haijafunguliwa kwa watumiaji), mara mbili. Pili, mnyororo wa logi unakatika. Bakapu zote za nyuma haziwezi tena kuvuka usiku huo, na seva yake ya pili itabaki imekwama pale mnyororo ulipokatikia. Tena ni usiku ule ule ambao kazi yake ina thamani kuliko siku nyingine zote za mwezi. Diski ikiharibika saa 9 usiku, atawaambia nini watu waliofunga hesabu hadi usiku wa manane?

---

Chapchap

Nimeelewa mkuu. Sikuifikiria seva ya pili.

---

Kitasa

Mtunzadata, kuhusu rm. Oracle haitazami folda kujua nafasi iliyotumika, inasoma kontroli faili yake. Ulifuta mafaili, yenyewe bado inaamini yapo, ndiyo maana ikaendelea kukataa. Ili itambue yaliyofutwa, ndani ya RMAN:

CROSSCHECK ARCHIVELOG ALL;
DELETE EXPIRED ARCHIVELOG ALL;

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiki: hayo mafaili uliyoyafuta, yalikuwa yameshachukuliwa bakapu? Kama kuna hata moja halijachukuliwa, huwezi kurejesha databesi kupita hapo. Chukua bakapu kamili leo, usingoje. Na kule seva ya pili angalia v$archive_gap usije ukakuta inasubiri logi ambayo haipo tena.

---

Mtunzadata

Ahsanteni sana, nimefanya yote. Bakapu kamili imeisha salama, na seva ya pili haina pengo.

Matokeo: siku ya kawaida ni GB 41. Siku ya kabla ya kufunga mwezi ilikuwa 57, siku yenyewe 212, iliyofuata 96. GB 168 peke yake zimezaliwa kati ya saa 12 jioni na saa 8 usiku. Na nimegundua bakapu ya usiku wa kuamkia siku hiyo ilishindwa, hifadhi ilikuwa imejaa. Sikuwa na taarifa yoyote.

Ila bado sielewi. 57 na 212 ni 269. Kikomo kilikuwa 300. Kwa nini ilijaa?

---

Nanga

FRA haikai logi za akaivu peke yake. Toa hii:

SELECT file_type, percent_space_used, percent_space_reclaimable
FROM v$recovery_area_usage;

---

Mtunzadata

ARCHIVED LOG 14.2, FLASHBACK LOG 23.4, vingine vidogo vidogo. Lakini sijawahi kuwasha flashback (uwezo wa kuirudisha databesi nyuma)!

---

Nanga

23.4 ya GB 400 ni karibu GB 94. Hapo ndipo nafasi yako ilipokwenda. Angalia v$restore_point, na safu ya guarantee_flashback_database. Bila shaka kuna mtu aliweka sehemu ya kurudia yenye dhamana (guaranteed restore point) kabla ya kupandisha toleo au kubadilisha programu, akaisahau. Sehemu ya namna hiyo hutunza sura ya zamani ya kila bloku mara ya kwanza inapobadilishwa, hata kama flashback yenyewe haijawashwa, na Oracle haitazifuta logi hizo hata nafasi ikiisha kabisa. Dhamana maana yake ndiyo hiyo.

---

Mtunzadata

Ipo. Imewekwa miezi mitano iliyopita, na niliiweka mimi mwenyewe siku ya kupandisha toleo.

---

Mshale

Mimi ni mwandishi wa programu, si mtunza databesi, ila nimewahi kuwa chanzo cha tatizo kama hili. GB 168 kwa saa nane si kitu cha kuachia diski tu. Usiku huo kazi ikiendelea, tazama takwimu ya 'redo size' kwenye v$sesstat, panga kuanzia kubwa, utaona ni muunganisho upi unaozalisha.

Kwangu mimi ilikuwa hivi: programu ilikuwa inamwaga mamilioni ya mistari kwenye jedwali la kawaida lililotumika kwa muda tu, lenye indeksi sita, inakokotoa, kisha inafuta kwa DELETE. Kila mstari ulilipiwa redo ukiingia, ukalipiwa ukitoka, na kila indeksi nayo ikadai haki yake. Tulihamia kwenye jedwali la GLOBAL TEMPORARY, mzigo ukashuka sana. Kosa jingine tulilolikuta ni UPDATE inayogusa mistari yote hata ile ambayo thamani yake haibadiliki. Kuongeza sharti moja kwenye WHERE kulitosha.

Mtu akikushauri NOLOGGING, mkumbushe una seva ya pili. Kilichopita bila redo hakitafika kule.

---

Jiwe_la_Msingi

Kwa wanaopita hapa wakiwa na PostgreSQL: hesabu ni ile ile, vyombo tofauti. Chukua pg_current_wal_lsn() (mahali logi ilipofikia) leo na kesho saa ile ile, tofauti uipime kwa pg_wal_lsn_diff. Na pg_wal (folda ya logi za PostgreSQL) ikivimba, kabla ya kununua diski angalia failed_count kwenye pg_stat_archiver, kisha pg_replication_slots kama kuna slot (inayoshikilia logi hadi msomaji wake azichukue) iliyoachwa bila msomaji. Kuanzia toleo la 13 unaweza kuiwekea mpaka kwa max_slot_wal_keep_size.

---

Mtunzadata

Wakuu, hii ndiyo nataka kupeleka Ijumaa. Siku tatu nzito: 57 + 212 + 96 = GB 365. Asilimia 30 juu yake inafika kama 475, nikaombe GB 500 za FRA. Hifadhi ya bakapu: siku 27 za kawaida mara 41 ni 1,107, jumlisha zile 365, ni karibu TB 1.5 kwa mwezi kabla ya kubana. Nimekosea popote?

---

Kitasa

Umepatia. Zidisha kidogo ile ya bakapu, maana biashara hukua na diski hununuliwa mara moja. Na usiku wa kufunga mwezi usingoje saa 7. Panga BACKUP ARCHIVELOG ALL DELETE INPUT kila baada ya saa mbili kuanzia jioni. Hiyo, kama hifadhi ya bakapu ingekuwa na nafasi, ingekuokoa safari ile hata na GB 300 zako.

---

Nanga

Na kama sera yako ya kufuta inasubiri logi zipokelewe na kutumika kule kwa pili, kumbuka seva ile ikizimika hazitafutika hapa. Weka taarifa mbili: bakapu ikishindwa, na FRA ikipita asilimia 75. Oracle yenyewe huonya ifikapo 85, na kwa kasi ya GB 168 kwa saa nane, zile GB 75 zinazobaki kati ya GB 500 zinaisha kwa saa tatu na nusu.

Restore point ifute leo kwa DROP RESTORE POINT, kisha utuletee v$recovery_area_usage tena tuone hizo GB 94 zimerudi.