Mapatroni wa madepo ya Lubumbashi, acheni kutuuzia divai iliyopikwa na jua

Huu uzi unawahusu nyinyi mnaoagiza na kuuza divai nyeupe ya asili. Mteja akirudisha chupa inayonuka siki, jibu lenu ni moja: "Divai ya asili ndivyo ilivyo." Uongo! Imeharibikia mikononi mwenu.

Divai nyeupe kavu ya kawaida, sheria ya Ulaya inairuhusu salfa, dawa ya kuilinda isiharibike, hadi miligramu 200 kwa lita. Kwa divai ya asili, kipimo cha Ufaransa cha Vin méthode nature kinakomea 30, na nyingine haziongezwi kabisa. Mara nyingi haichujwi pia. Basi hamira na bakteria wangali hai ndani ya chupa, wamelala tu. Halafu nyinyi mnaleta mchanganyiko wa zabibu za Chenin blanc na Sémillon kutoka Afrika Kusini mwezi wa Oktoba! Kamiyo inapanga foleni mpakani Kasumbalesa, nje nyuzi zimepita 30, ndani ya kontena ni zaidi. Zikishushwa, chupa zinasimamishwa dirishani, jua linazipiga. Hamira inaamka na kula sukari iliyobaki. Gramu 4 kwa lita zinatosha kuleta mgandamizo wa karibu baa 1. Ndiyo maana kizibo kinapanda na shingo ya chupa inanata. Chupa ya namna hiyo mnaiweka sokoni kwa sababu gani?

Na msituchanganye. Ukungu na mashapo si kasoro. Gesi kidogo mwanzoni pia si kasoro: mimina kwenye jagi, tikisa, inatoka. Lakini harufu ya rangi ya kucha, au divai kugeuka kahawia kama tofaa lililokatwa likaachwa, hapo imekwisha. Mbaya zaidi ni ladha ya panya, yaani ladha kama ya kizimba cha panya. Kunusa hakuigundui, maana asidi ya divai inaificha. Mate yakishapunguza ukali huo, sekunde chache baada ya kumeza, ndipo inajitokeza. Hakuna frigo itakayoiponya.

Agizeni mzigo ufike Juni au Julai, wakati wa baridi. Lipieni kontena ya baridi. Depo isipite nyuzi 14, chupa zilale gizani, na umeme ukikatika msifungue-fungue mlango wa chumba cha baridi. Mkiona gharama ni kubwa, uzeni divai yenye salfa, hakuna aibu.

Na chupa zilizoharibika rudisheni pesa, bila kumwambia mteja kwamba hajui kunywa.